Fomu ya Siku Saba

Jumatatu, 16 Machi
Mkono wa kushoto. Daktari wa mazoezi kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja. Huu ndio mstari.

Jumanne, 17 Machi
Mvua. Herufi zangu zinalaliana kama walevi.

Alhamisi, 19 Machi
Leo wiki tatu kamili. Zipu ya suruali imenishinda. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 21 Machi
Mama mkwe amefika na sanduku moja la nguo na mkoba uliojaa makaratasi. Mke wangu ndiye aliyemwita, maana zamu yake kwenye kiwanda cha mikate inaanza alfajiri, na hakuna wa kunivalisha wala wa kumpeleka binti yetu shule. Nilikataa. Nilisema nitajifunza kuvaa mwenyewe. Mke wangu akanitazama usoni, akaitazama fulana niliyoigeuza ndani nje.

Jumapili, 22 Machi
Mama mkwe kanifunga vifungo vya shati. Mimi natazama dari, yeye anatazama ukuta. Kifungo cha tatu kikamkwama.
"Mkwe," akasema, "mmoja wetu itabidi aangalie, la sivyo tutashinda hapa mpaka jioni."
Akaangalia yeye.

Jumatano, 25 Machi
Mama mkwe ametunza mafaili ya hospitali kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Leo kaliona daftari hili mezani. Hakulifungua, ila aliniuliza kama nimeandika siku yenyewe ya ajali. Nikasema bado.
"Iandike," akasema, "kabla hujaanza kuikumbuka vizuri kuliko ilivyokuwa."
Basi. Alhamisi tarehe 26 Februari, saa mbili kasorobo asubuhi. Tulikuwa tunaingia bandarini na shehena ya saruji. Mimi nilikuwa mbele ya meli, kwenye winchi inayovuta kamba za kuifunga meli gatini. Breki ya winchi ile ilikuwa inateleza tangu Januari, na hakuna asiyejua, hata mpishi. Kamba ikakaza, ngoma inayozungushiwa kamba ikaenda kinyumenyume, glavu yangu ikanaswa. Sikusikia maumivu. Nilisikia sauti ya serahangi, mkubwa wetu sisi mabaharia wa sitahani, akiniita kwa jina langu la melini: "Fundo! Fundo!" Akazima mashine, akavua shati lake akanifunga nalo. Shati jeupe, jipya, la kuvaa siku ya kushuka.
Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vimekwenda. Nimebaki na gumba na kile kidogo. Binti yangu anasema kama kaa. Aliposema hivyo mama yake alimfokea, lakini mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.
Nimechoka. Mkono huu wa kushoto nao una mwisho wake.

Jumamosi, 28 Machi
Kaja afisa wa kampuni. Mtu nadhifu, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kaleta mfuko wa machungwa. Kaniambia, "Kaka, kampuni haijakusahau. Wewe pona tu, mambo mengine tuachie sisi." Nilifarijika mpaka nikaona haya, machozi yalikuwa karibu.
Alipoondoka nilijaribu kumenya chungwa moja. Nililibana kati ya magoti, likaruka chini ya kiti. Mama mkwe akaja na kisu, akaketi, akamenya yote kumi na mbili, akayapanga kwenye sinia.
"Mtu mwema," nikamwambia.
"Mwema," akajibu. "Ila hajaandika chochote."

Jumatano, 1 Aprili
Mvua. Paa linavuja juu ya jiko. Sufuria moja.

Jumamosi, 4 Aprili
Afisa kaja tena. Machungwa tena. Binti yangu sasa anamwita Mjomba Machungwa. Nikamuuliza kuhusu fidia. Akanigusa bega: "Usijisumbue na makaratasi, kaka. Tunalifanyia kazi."

Alhamisi, 9 Aprili
Wiki ya sita. Serahangi hajaja hata siku moja. Miaka kumi na moja tumekula sahani moja na kuazimana sabuni. Meli imetia nanga hapa mara mbili tangu nitoke hospitali, nimeuliza. Kutoka geti la bandari mpaka kwangu ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Labda shati lake analisikitikia.

Ijumaa, 10 Aprili
Jana niliandika maneno mabaya kuhusu shati. Siyafuti, lakini si ya haki.

Jumamosi, 11 Aprili
Afisa kaja na karatasi. Kampuni inanipa mkono wa pole, mishahara ya miezi miwili. Nitie saini tu kwamba nimepokea. Kalamu alishaifungua.
Mama mkwe akatokea jikoni anajifuta mikono. "Mwanangu, tuachie tuisome."
"Ni karatasi ya kiofisi tu, mama."
"Nami nilikuwa ofisini."
Afisa akacheka kwa adabu, akairudisha karatasi kwenye bahasha, akasema hakuna haraka, atapita tena.
Nilimkasirikia mama mkwe. Mishahara miwili nani anatupa? Mke wangu anarudi kazini na unga kwenye nyusi, analala amekaa. Na huyu mama kwa kiburi chake cha mafaili ananifukuzia riziki mlangoni. Usiku wa leo sikuomba anifungue vifungo. Nimelala na shati.

Jumanne, 14 Aprili
Sufuria mbili.

Jumamosi, 18 Aprili
Mama mkwe alikuwa amekwenda sokoni na mjukuu wake. Afisa akanikuta peke yangu. Nadhani aliwaona wakitoka.
Akatoa nakala ya fomu ya ukaguzi wa vifaa vya sitahani. Hakuitupa mezani kama kwenye sinema, aliiweka taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa Alhamisi tarehe 26 Februari. Winchi ya mbele, breki: nzuri. Na saini yangu.
"Hii ni saini yako, kaka?"
"Ni yangu."
"Uliikagua breki asubuhi ile?"
Nikaitazama ile saini.
"Mimi sitaki karatasi hii ifike popote," akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma kweli. "Lakini ukianza mambo ya madai, wakubwa wataitoa. Watasema huyu alithibitisha breki nzima, halafu anadai breki mbovu. Watasema amejitakia. Kisha hupati hata huo mkono wa pole."
Akaniachia nakala pamoja na ile karatasi ya kusaini. Safari hii hakuleta machungwa.
Sasa niandike ukweli, maana daftari hili sina haja ya kulidanganya. Breki sikuikagua. Sikuigusa. Nilitia saini kwa sababu fomu ile husainiwa, basi, kama vile mtu anavyosema "salama" akiulizwa hali. Kwa hiyo mkono huu nimeukata mwenyewe. Wiki saba watu wananipa pole, na mimi ninazipokea.
Nimezificha karatasi chini ya godoro.

Jumapili, 19 Aprili
Sijamwambia mtu.

Jumatano, 22 Aprili
Sijamwambia mtu. Sufuria tatu. Shimo jipya limetokea juu ya kitanda cha mtoto, tumekihamisha.

Jumatatu, 27 Aprili
Serahangi amekuja.
Alisimama mlangoni amelowa chapachapa, hataki kuingia asije akachafua sakafu. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumpokea nayo. Yote yakayeyuka, maana mtu mwenyewe alikuwa amekonda kuliko mimi mgonjwa.
Alikunywa chai kikombe kizima kabla ya kusema kitu. Halafu: "Fundo, ndugu yangu. Nasikia unataka kwenda kwenye sheria."
"Nani kakwambia?"
"Ofisini. Wameniita. Wamesema fomu zile mimi ndiye msimamizi, jina langu liko chini kabisa. Ukidai, watanisukumia mimi. Cheti changu kitachukuliwa, na huenda nikafungwa." Alikuwa anakizungusha kikombe kitupu. "Nina watoto wanne. Mkubwa anafanya mtihani mwaka huu. Ningekuja mapema, wallahi, lakini kila nikifika kona ile ya kinyozi miguu inagoma. Ningekutazama vipi mkono?"
Nikautoa mkono kwenye shuka nikauweka mezani. Akautazama. Akafunika uso kwa viganja vyake vyote viwili, vidole kumi, na mabega yakawa yanatikisika.
"Nani anasimama pale sasa?" nikamuuliza baadaye.
"Wapi?"
"Kwenye winchi."
"Yule mpya, aliyekuja baada yako. Mkewe anatarajia."
"Breki?"
Akatikisa kichwa.
Alipokwenda nilibaki nimekaa. Kama nikidai, ninamwangamiza aliyenifunga kwa shati lake. Kama nisipodai, yule mwenye mke mjamzito anaendelea kusimama pale niliposimama.

Jumapili, 3 Mei
Nitasaini. Nimeamua. Afisa anakuja Jumamosi.

Jumatano, 6 Mei
Mvua haijakata tangu juzi. Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikasema mkono unauma.

Jumamosi, 9 Mei
Leo nitaandika mpaka kalamu ikatae.
Asubuhi mke wangu hakuwa na zamu. Alikuwa anatandika kitanda, akanyanyua godoro, akaziona karatasi. Akasoma ile ya kusaini akiwa amesimama, halafu akaketi. Nikamwambia yote: breki, saini, serahangi, yote. Nilisema bila kumtazama, kama tulivyokuwa tukifunga vifungo na mama yake.
Akaiweka karatasi pajani. Kisha akasema, "Kwa hiyo wiki tatu hizi unalala juu ya kitu hiki, na mimi ubavuni kwako?"
"Niliona aibu."
"Mume wangu, mimi nimekuosha. Aibu gani tena ilibaki?"
Halafu akalia, na kwa hasira akamwita mama yake. Mama mkwe akaja, akavaa miwani. Alianza na karatasi ya kusaini. Akasoma mstari mmoja kwa sauti: kwamba ninapokea malipo haya "kuwa ya mwisho na kamili, na sitakuwa na dai lingine lolote." Akaiweka kando kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa panya.
Kisha akaichukua fomu ya ukaguzi. Hapo alikawia. Aliisoma juu mpaka chini, akarudi juu tena. Mimi nangoja aniambie nilichostahili.
"Mkwe, hii ya Alhamisi ni saini yako?"
"Ndiyo, mama."
"Na hii ya Jumatatu? Na ya Jumanne?"
"Zangu zote."
"Jumamosi ile, tarehe 28, ulikuwa wapi?"
"Hospitali. Si ndiyo siku waliyonipasua mara ya pili?"
"Na Jumapili?"
"Hospitali."
Akaigeuza karatasi kunielekea, akaigonga kwa ukucha. "Basi niambie mtu aliye kwenye kitanda cha upasuaji aliikaguaje winchi."
Nilitazama. Ijumaa tarehe 27: breki nzuri, saini yangu. Jumamosi 28: breki nzuri, saini yangu. Jumapili, tarehe mosi Machi: nzuri, saini yangu. Saini ya mkono wa kulia wenye vidole vyote vitano, siku tatu baada ya vitatu kuondoka.
Afisa aliinyooshea kidole Alhamisi, nami nikaitazama Alhamisi. Kwa wiki tatu sikuwahi kusoma mistari iliyofuata.
Nikawaeleza jinsi ilivyokuwa. Kila Jumatatu serahangi alileta fomu ya wiki nzima pamoja na chai. Tulitia saini zote saba kwa pamoja, kila mtu kifaa chake. Ofisi ndiyo iliyoagiza, ili wakaguzi wakipanda melini wakute faili limejaa. Ilikuwa hivyo kabla hata sijaajiriwa.
Mama mkwe akavua miwani. "Miaka thelathini," akasema, "nimewaona waongo wa kila namna kwenye mafaili. Wanaopika karatasi wote huharakia. Hawa wameharakia mpaka wakamwacha shahidi wao wodini."
Mke wangu akacheka, machozi bado yako shavuni.
Afisa alikuja saa kumi. Mama mkwe alimpokea yeye, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa heshima zote kwamba mkwe wake hatasaini, na kwamba nakala ya fomu tunashukuru, tutabaki nayo. Afisa akaitazama fomu mikononi mwa mama mkwe. Nilimwona anaisoma kwa mara ya kwanza, mpaka chini. Akavaa viatu bila kufunga kamba.
Mama mkwe nilikuwa nimemwita mwenye kiburi. Iko pale juu, tarehe 11 Aprili. Leo nilikwenda jikoni nikamwambia, "Mama, nisamehe." Hakuuliza kosa. Akanipa sahani ya kufuta.

Jumanne, 12 Mei
Ofisi ya kazi. Benchi refu, mvua inapiga madirisha, mimi na mama mkwe na mkoba wake. Afisa kazi ni mwanamke wa makamo mwenye mafua. Alisikiliza yote, akasoma fomu, akapenga kamasi.
"Nani kakwambia kwamba ukikosea hulipwi?"
"Afisa wa kampuni."
"Sikiliza, baba. Fidia ya kuumia kazini haiulizi nani alizembea. Inauliza jambo moja: ulikuwa kazini au hukuwa kazini? Labda uwe umejiumiza kusudi. Ulijiumiza kusudi?"
"Hapana."
"Matibabu ni juu ya mwenye meli. Mshahara wako wa siku za kuuguza ni juu yake. Na kilichopungua mwilini mwako kinapimwa na daktari, kinalipwa. Wiki zote hizi ulikuwa unaona aibu ya bure."
Nikamuuliza kuhusu serahangi.
"Dai ni dhidi ya mwajiri. Mfanyakazi mwenzako hafungwi kwa sababu wewe umedai haki yako. Huyo wamemtisha tu." Akatazama kalenda ukutani. "Ajali ilikuwa lini? Februari 26? Taarifa lazima ifike hapa ndani ya miezi mitatu. Huyo afisa amekuja kwenu mara ngapi?"
Mama mkwe akafungua kidaftari chake. "Mara tano."
"Angekuja mara mbili nyingine, mngekuwa mmechelewa."
Nilijaza fomu yao kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua saa nzima. Hakuna aliyenikimbiza.
Kabla hatujatoka nikamwambia kuna mtu anasimama kwenye winchi ile sasa hivi. Akaacha kupenga. Akachukua simu.

Jumatano, 13 Mei
Nimempigia serahangi, nikamweleza maneno ya afisa kazi moja baada ya jingine. Akasema tu, "Nimesikia, Fundo." Akakata.

Jumatatu, 18 Mei
Wakaguzi wamepanda melini. Meli imezuiwa gatini mpaka breki ibadilishwe. Wenzangu wawili wamenipigia, mmoja kushukuru, mmoja kunitukana kwa posho ya safari iliyoahirishwa. Wote wawili nawaelewa.

Alhamisi, 21 Mei
Daktari amenipima kiungo kwa kiungo, na rula. Nimepungukiwa asilimia thelathini na mbili. Binti yangu anasoma hesabu za sehemu. Kaniuliza hiyo iliyobaki ni baba kiasi gani. Nikamwambia baba mzima.

Ijumaa, 29 Mei
Jua. Nimejifunga vifungo vitatu.

Jumanne, 2 Juni
Shauri letu limesikilizwa. Chumba kidogo, meza moja, feni haifanyi kazi. Upande wa kampuni alikuwepo wakili na yule afisa wa machungwa, ambaye hakuinua macho. Wakili alisema fomu ile ilijazwa kila siku kwa utaratibu, na kwamba siku tatu za mwisho ni "makosa ya kiuandishi."
Afisa kazi akauliza kama kuna mtu wa kulithibitisha hilo. Wakili akasema wamemleta msimamizi wa sitaha.
Akaingia serahangi. Amevaa sare ya kampuni, imepigwa pasi. Alipita karibu yangu bila kunitazama. Nilijiambia, ana watoto wanne, asilaumiwe.
"Fomu hizi zinajazwa lini?" akaulizwa.
"Jumatatu."
"Jumatatu mnajaza za siku gani?"
"Za wiki nzima. Jumatatu asubuhi. Ninazigawa mimi mwenyewe, na chai." Wakili akakohoa. Serahangi akaendelea, sasa kwa sauti ya sitahani, ile ya kushinda upepo: "Niliagizwa na ofisi. Na breki ile niliandika ni mbovu mara nne tangu Januari. Ripoti nilimpelekea nahodha, naye akaipeleka ofisini. Jibu lilikuwa tusubiri matengenezo ya mwaka. Huyu hakujiumiza. Tumemuumiza."
Ripoti mara nne. Sikujua. Nilimwona mzembe, kisha mwoga, na kumbe alikuwa amepiga kelele mahali ambapo sisi hatukusikia.
Nje nilimkuta amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Nikampa mkono, ule wa kulia. Akaupokea.

Jumanne, 16 Juni
Uamuzi umetoka. Kampuni itanilipa fidia kwa kipimo cha daktari, mshahara wote wa siku za kuuguza, na matibabu mpaka mwisho. Baharini sirudi, mkono huu haufai kwa kamba. Nililitarajia hilo, lakini kulisoma kwenye karatasi ni kitu kingine. Mke wangu alisema tukanunue mabati. Nikasema sawa. Kisha nikaenda kuketi nyuma ya nyumba mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Ijumaa, 19 Juni
Mama mkwe amerudi kwake. Alikataa kusindikizwa, tukamsindikiza. Kaniachia faili lenye jina langu, nakala za kila kitu, zimepangwa kwa tarehe.

Jumamosi, 20 Juni
Nimekwenda bandarini kuchukua sanduku langu lililobaki melini. Meli ilikuwa tayari kuondoka, kamba moja tu imebaki, injini inanguruma. Nikashuka na sanduku, nikasimama gatini kuwaangalia.
Serahangi si serahangi tena. Wamemshusha cheo wiki iliyopita, sasa ni baharia wa kawaida. Amepangwa mbele, kwenye winchi. Yule mpya nilimwona akikunja kamba upande wa pili, mbali na ngoma.
Nikamwona rafiki yangu akiinama. Akakaza breki, akaiachia, akaikaza tena. Akawasha winchi, akaisimamisha ikiwa na mzigo, akapiga goti kutazama kwa chini, akapitisha tochi. Akarudia toka mwanzo.
Nahodha akatokeza kichwa juu. "Tunangoja nini huko mbele?"
Hakuinuka. "Bado!"
"Maji yanapungua! Wote wako tayari!"
"Bado, nahodha!"
Injini ilinguruma. Mpishi alitoka kuangalia kuna nini. Mtu wa gatini, aliyekuwa ameshika kitanzi cha kamba tayari kukitoa, akakiachia akawasha sigara. Meli nzima ikasimama ikimngoja mtu mmoja aliyepiga goti na tochi yake. Nikaliweka sanduku chini, nikalikalia, nami nikangoja.